Manna ya Kadutu: namna ya kupanga chakula ya wiki kama uko mkristo na kitunga yako iko ndogo

Kuna mwaka mmoja nilifunga siku tatu kavu, hata maji hapana, tulikuwa na maombi ya wamama kule chumba ya maombi, na siku ya tatu jioni tukatoka tunaimba, nafika nyumbani nakuta wamepika bugali ya mihogo na nyama ya ng'ombe yenye mafuta na chupa ya sukre (soda) ya baridi, nikakula sawa mtu anayeshindana na mwingine. Saa moja haikuisha niko chini. Tumbo imekaza kama ngoma, jasho ya baridi, moyo inapiga mbio, papa watoto, bwana yangu, anakimbia barabarani kutafuta taximoto. Mi nilikuwa nimeisha amua ni vita ya kiroho, adui amekasirika ju ya maombi yetu. Muganga wa zamu akaniuliza tu nilikula nini na nilikuwa nimefunga siku ngapi, akacheka kidogo, akasema mama, usimsingizie shetani, iko paka ile sahani.

Nilikasirika. Lakini njo siku ile nilianza kujiuliza, sisi tunaomba ju ya chakula kila siku, tunabariki sahani kabla ya kula, tunaimba "asante kwa chakula", sasa nani alitufundisha kuipanga? Hakuna. Na ukisema unapanga, kuna mpendwa atakuletea Matayo 6, usisumbukie ya kesho, Mungu atatoa. Amina, anatoa. Ila soma Kutoka 16 polepole. Manna ilianguka bure kabisa, na bado kulikuwa na kipimo: kila nyumba inaokota kulingana na hesabu ya watu walio ndani ya hema, ile iliyobakizwa paka asubuhi inatoa wadudu na kunuka, siku ya sita unaokota mara mbili ju siku ya saba hakuna kutoka. Si unaona? Hesabu ya vichwa, kipimo, siku ya kununua, siku ya kupumzika. Mungu mwenyewe aligawa chakula kwa kipimo, sawa mama wa Kadutu, kule soko yetu ya Bukavu, anavyopima maharagi na Guigoz (kopo ya maziwa ya unga), na anakwangua juu na mkono ili isizidi.

Kwa hiyo hii njo namna mi nafanya, hapa Bukavu, nyumba ya watu saba, pesa inaingia siku kwa siku na siku zingine haiingii. Kama uko na mshahara na frigo na umeme usiokatika, shukuru, utarekebisha.

Anza na karatasi, na andika kwanza siku za kanisa

Usianze na chakula. Chukua karatasi, andika Jumatatu paka Jumapili, kiisha weka alama kwa siku za ibada. Kwetu Jumatano tunafunga paka saa tisa, Ijumaa kuna maombi ya jioni narudi nimechelewa, Jumapili ibada inaanza asubuhi na inaisha Mungu anajua saa ngapi. Sasa angalia: hizo siku tatu njo zinaharibu kula ya nyumba nzima. Jumatano watu wanafungua na chochote, Ijumaa watoto wanalala na mandazi na chai, Jumapili wote wanarudi na njaa ya simba na mama anaanza kuwasha makala (mkaa) saa nane. Ukiisha panga hizo tatu, zile nne zingine zinajipanga karibu zenyewe.

Ya Jumapili iwe imepikwa Jumamosi. Wandugu zetu wa Sabato walituacha mbali kwa hii, jirani yangu ni Muadventista, Ijumaa kabla jua halijaingia chakula yake ya Sabato iko tayari, sufuria imefunikwa, yeye amekaa anasoma Biblia. Mimi nilikuwa namcheka. Sasa namuiga, na sioni aibu.

Kiisha andika vichwa. Watu wangapi wanakula, na kati yao nani iko na hali yake: mwenye tansion (presha), mwenye sukari, mama mja mzito, anayenyonyesha, mtoto wa chini ya miaka miwili, mzee asiye na meno. Hao njo unapangia kwanza, wenye nguvu watakula kile kile. Nyumba mingi tunafanya kinyume, papa anawekewa kipande kikubwa cha samaki, mtoto anapewa supu tu. Supu haina kitu, ni maji yaliyopita karibu na samaki.

Na kama mnakula mara moja kwa siku, hiyo haiko dhambi wala aibu, nyumba mingi za huu mji ziko hivyo, hii inakuhusu zaidi kuliko mwingine. Mwenye kula mara tatu akikosea asubuhi atasahihisha jioni. Wewe sahani yako iko moja.

Bugali ipunguzwe, isiondolewe

Mtu wa Bukavu bila bugali anasema hajakula, hata ukimpa mchele na viazi na nusu ya mbuzi, atalala anasema alionja tu. Sipigani na hiyo. Ila angalia sahani: mlima wa bugali, mboga kijiko kimoja pembeni kama dawa. Geuza kidogo kidogo. Nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo bugali ama viazi ama mchele ama makemba (ndizi za kupika), robo iliyobaki maharagi, samaki, yai, nyama. Hautafika siku moja, na pesa ikiwa kidogo sana hautafika hata mwezi moja, lakini ukiongeza kijiko moja ya lengalenga (mchicha) na ukipunguza ngumi moja ya bugali tayari umeanza.

Unga ya mihogo peke yake inashibisha tu, protini ndani yake ni kidogo sana. Mi nachanganya na ya mahindi, na nikipata mtama naweka. Na unga ya mihogo chungu nunua kwa mtu unayemjua, anayeloweka mihogo siku tatu ama nne kabla ya kuanika, ju mihogo chungu iko na sumu, na ile sumu inatoka kwa kuloweka na kuanika. Kukiwa na njaa ama barabara imefungwa watu wanaharakisha, wanaloweka siku moja, na kwa nchi yetu kuna vijiji watu walipooza miguu ju ya hiyo, ugonjwa unaitwa konzo, na haurudi nyuma. Unga ikiwa chungu kwa ulimi, iache.

Maharagi, hapa nitakaa kidogo

Maharagi njo nyama ya mtu wa kawaida na mi naona Mungu alijua anafanya nini. Ezekieli 4 kwenye ile mkate aliyoambiwa atengeneze kulikuwa ngano, shayiri, kunde, dengu, mtama, yani nafaka na jamii ya maharagi pamoja. Watu wa lishe wanafundisha kile kile, kile kimekosekana kwa nafaka kiko ndani ya maharagi na kile kimekosekana kwa maharagi kiko ndani ya nafaka. Kwa hiyo bugali ya mahindi na maharagi haiko chakula ya kuonea haya mbele ya mgeni.

Shida ya maharagi ni makala. Inachukua saa mingi, na makala ya hapa bei inapanda kila msimu, na mingi inakatwa kule upande wa msitu wa Kahuzi-Biega, kwa hiyo kila mbabula (jiko ya makala) unayowasha bure umemla sokwe nyumba yake, hiyo ni yangu nasema pembeni. Dawa yake: loweka usiku kucha, kuanzia saa mbili ya usiku paka asubuhi, mwaga yale maji, weka mengine, pika. Itaiva haraka zaidi na tumbo haitasumbua (wale waliokaa nyuma yako kanisani watakushukuru). Chumvi weka mwishoni. Pika ya siku mbili mara moja, siku ya kwanza iwe na mchuzi ya tomate na kitunguu, siku ya pili changanya na makemba ama na viazi vitamu. Ya siku ya pili ichemshe tena paka ibubujike kabisa, usipashe tu vuguvugu, na usivuke siku mbili kama hauna frigo. Manna ya siku ya pili iliota wadudu, maharagi inaota povu, ukiona povu na harufu kali mwaga, usiombee.

Halafu kitu kimoja watu mingi hawajui. Chuma ya maharagi na ya sombe (majani ya mihogo) mwili unaipokea kwa shida, lakini ukikamulia ndimu juu, ama ukila na tomate mbichi, ama pera kiisha kula, inaingia vizuri. Na chai ya majani inafanya kinyume, inaizuia. Sisi tunakula maharagi na kikombe ya chai nyeusi pembeni, kiisha tunashangaa wasichana wamepungukiwa damu. Chai isogeze, saa moja ama zaidi baada ya kula. Pale soko utasikia pia watu wanasema haragi lenye chuma, hizo ni mbegu zilizochaguliwa ju ziko na chuma mingi, ukizipata kwa bei ile ile chukua.

Sambaza na mwezi

Wazee wetu hawakukuta sambaza ndani ya ziwa Kivu, zilitolewa Tanganyika zikawekwa huku karibu 1958 na miaka ile, na leo hatujui kuishi bila. Ni samaki ndogo inayoliwa yote na mifupa yake, na ile mifupa njo kalsiamu, kwa hiyo kwa watoto na wamama wenye mimba hakuna kitu kizuri kuliko hiyo kwa bei yetu. Wandugu wa Sabato, magamba iko nayo, mapezi iko nayo, Walawi 11 inaruhusu.

Panga na mwezi. Wavuvi wanatoka usiku na taa, sambaza zinafuata mwanga, sasa mwezi ukiwa mkubwa ziwa yote inang'aa na hawakamati kitu, bei inapanda. Wiki ya giza inakuwa mingi na rahisi, njo unanunua mingi, unaosha, unaanika vizuri juani na juu yake kitambaa ya kuzuia nzi, unaweka kwa kopo. Wiki ya mwezi mkubwa unatoa kwa kopo. Zile zimekauka kabisa mi nasaga zinakuwa unga, na ile unga inaingia popote, kwenye sombe, kwenye lengalenga, kwenye uji ya mtoto. Kijiko moja tu na hakuna mtoto atajua kama amekula samaki.

Usizikaange kila siku. Mafuta imeisha kuwa nyeusi kwa kukaanga mara sita, hiyo haiko mafuta tena. Mimi nikiona sambaza juu ya makala nafikiria Yohana 21 kila mara, Bwana amefufuka, iko na mamlaka yote, na anafanya nini? Amewasha moto wa makaa pale pembeni ya ziwa, ameweka samaki juu, anawaambia watu waliokesha usiku kazini, "Njoni mfungue kinywa." Hakuwahubiria kwanza. Walikula kwanza, mazungumzo na Petro ikafuata kiisha.

Mboga, mafuta, chumvi

Lengalenga, sombe, matembele, majani ya maboga, shu (kabeji): kila siku moja, na ubadilishe. Lengalenga usiichemshe paka ikufe, dakika chache tu, na yale maji usimwage ovyo. Sombe ni kinyume, hiyo ipondwe vizuri na ichemke muda mrefu bila kufunika ju ni majani ya mihogo na ile sumu lazima itoke. Watu wanaharakisha sombe ju ya makala. Basi siku ya sombe iwe siku moja na maharagi, moto moja.

Mafuta ya ngazi (mawese) ile nyekundu iko na rangi ya vitamini A, nzuri kwa macho na ngozi ya watoto. Sasa sisi tunaiweka kwa moto paka inatoa moshi na inakuwa nyeupe, tunasema tumeipika vizuri. Tumeua ile tuliyonunua. Iweke kidogo mwishoni, ipate joto tu, kijiko moja kwa mtu inatosha.

Chumvi hapa niseme polepole. Nunua yenye iyodi, ifunike, usiiache juani, weka mwisho wa kupika. Kule Idjwi, kisiwa cha ziwa Kivu, miaka ya 1960 waganga walikuta watu mingi sana na rovu la shingo, ju udongo wa kule umekosa iyodi na mihogo iliyoliwa kila siku inaongezea shida, kwa hiyo chumvi yenye iyodi haiko mambo ya wazungu, ni shingo ya bibi zetu. Lakini kipimo ni kijiko kidogo ya chai kwa mtu moja kwa siku nzima, yani gramu 5, na hapo ndani zihesabiwe zile kibu za kutia ladha ya supu pia. Ile kibu karibu nusu yake ama zaidi ni chumvi. Mama anaweka kibu tatu, kiisha anaongeza chumvi, kiisha papa anaitisha chumvi nyingine mezani, kiisha tunafanya maombi ya tansion siku saba. Mi siko nakataza maombi. Nasema punguza kibu wakati tunaomba. Weka kitunguu saumu, tangawizi, seleri, ndimu, tomate, ladha itakuja, wiki ya kwanza watanung'unika sawa Waisraeli walivyokumbuka matango na vitunguu saumu vya Misri, ya pili watanyamaza.

Watoto

Miezi sita ya kwanza titi tu, hata maji hapana. Kiisha uji, na uji ya unga ya mihogo peke yake haiko uji, ni gundi. Sisi tunatengeneza masoso: mahindi, soya, mtama. Kipimo changu ni mbili ya mahindi, moja ya soya, moja ya mtama, soya ikaangwe kwanza vizuri kabla ya kwenda kinuni ama kwa mashini, ju soya mbichi inazuia tumbo kusaga protini. Uji iwe nzito, ikae kwa kijiko bila kumwagika, na ndani weka unga ya sambaza, ama karanga iliyosagwa, ama avoka. Avoka kwetu zinaanguka chini zinaoza na mtoto wa jirani yuko na nywele nyekundu. Hiyo inaniumaga.

Bwaki (kwashiorkor, utapiamlo mkali) haiko kulogwa. Miguu imevimba, ukiweka kidole inabakia shimo, nywele inakuwa nyepesi na nyekundu, mtoto hachezi, hataki kula: usimzungushe kwa manabii watatu, mpeleke kituo cha afya siku ile ile, watampima mkono na ile utepe ya rangi, chini ya sentimita 11,5 ni nyekundu, na hata mkono ukiwa mzuri ule uvimbe wa miguu peke yake unatosha kumtibu. Yesu alipomfufua binti wa Yairo neno alilowaambia wazazi kiisha ilikuwa wampe kitu ale, Marko 5 pale mwisho. Mtoto ametoka kufa na Bwana anafikiria chakula.

Kufunga, na kufungua

Narudi pale nilianguka. Kufunga ni vizuri na mi bado nafunga, ila sasa inaingia kwa karatasi kama siku zingine. Siku moja kabla usijaze tumbo ili "iweke akiba", tumbo haiko banki. Kula kawaida, maji mingi, mboga. Kama unafunga masaa tu, kunywa maji kama kanuni ya maombi yenu inaruhusu, na kama hairuhusu muulize mchungaji kwa upole ni andiko gani. Kufungua: kwanza maji, kiisha uji nyepesi ama ndizi mbivu ama supu ya mboga, ngoja nusu saa ama saa moja, kiisha chakula ya kawaida kidogo. Nyama, mafuta mingi, sukre ya baridi, hapana. Ukifunga siku nyingi ndio zaidi, unarudi kwa chakula kidogo kidogo siku kadhaa, ju mwili uliokaa na njaa ukijazwa ghafla madini ya damu inapungua na moyo unaweza kusumbuka kweli, na kufunga ya hivyo usiifanye bila muganga kujua.

Wasiofunga hivyo hivyo: mwenye mimba, anayenyonyesha, mwenye sukari, anayemeza dawa za kila siku (tansion, kifua kikuu, ARV), mgonjwa, mtoto. Waulize muganga kwanza. Ndugu zetu Wakatoliki waliisha kuweka mpaka, mama wa shirika hapa jirani alinielezea, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu mlo moja kamili, inawahusu kuanzia miaka 18 paka 59, na nyama inaachwa kuanzia miaka 14, wagonjwa wanasamehewa. Sisi wa vyumba vya maombi hatuna mpaka, kila mtu anashindana na mwenzake, na nimeisha kuona bibi wa miaka sabini anasukumwa afunge siku saba. Eliya alikuwa amechoka anaomba afe, malaika hakumwambia funga zaidi, alimwambia inuka ule ju safari ni ndefu.

Na ile chakula haukukula, iko wapi? Isaya 58 inasema kufunga ni kumgawia mwenye njaa mkate yako. Kwa hiyo pesa ya ule mlo naweka kwa kopo ya maziwa juu ya kabati, mwisho wa mwezi inatoka Guigoz ya maharagi kwa nyumba fulani, na yule mama hajui inatoka wapi, anafikiri ni kanisa. Sawa tu.

Siku kumi za Danieli

Kama hii yote imekuwa mingi, fanya hivi tu. Danieli na wenzake waliomba kujaribiwa siku kumi, chakula nyepesi na maji, kiisha waangaliwe sura. (Biblia yangu ya Kiswahili inasema mtama, ya Kifaransa ya binti yangu inasema mboga, tulibishana jioni nzima, tukapika vyote viwili.) Wewe chagua siku kumi, toa sukre, punguza kibu kwa nusu, ongeza mboga mara mbili, tunda moja kwa siku, nanasi ya Idjwi ama pera ama ndizi. Kabla hujaanza papa apimwe tansion, siku ya kumi apimwe tena. Dawa zake asiache, nasema tena asiache. Papa watoto alikubali ju nilimwambia ni Danieli, ningemwambia ni rejime (diet) angekataa.

Wiki yangu ya sasa, kwa anayetaka kuona. Jumamosi asubuhi Kadutu kununua maharagi, unga, kitunguu, mafuta, vitu vinavyokaa, mboga nachukua siku kwa siku pale soko ndogo ya karibu. Jumamosi napika maharagi na sombe kwa moto moja. Jumapili tukitoka ibada ni kupasha, mchele ya bonde la Ruzizi juu yake, na avoka. Jumatatu bugali, sombe iliyobaki, sambaza. Jumanne viazi vitamu na lengalenga ya karanga, yai kama kuku amekubali. Jumatano tunafungua saa tisa na masoso, jioni maharagi mapya. Alhamisi makemba na maharagi ya jana. Ijumaa, ju narudi usiku, binti mkubwa anapika bugali na shu na sambaza kavu, yote imeisha katwa asubuhi, yeye anawasha tu. Nyama haimo, umeona. Ikija, kuku ama sungura ama dende (simbilisi), inaingia Jumapili na maharagi inasogea Jumatatu, karatasi haikasiriki.

Kuna wiki pesa haikuingia na karatasi imebakia ukutani inanicheka. Siku hizo ni bugali na lengalenga ya nyuma ya nyumba, nilipanda kwa mifuko ya saruji na ndoo zilizopasuka, inaota bila kuombwa. Panda na wewe, hata kama uko mpangaji, mifuko miwili inatosha kuanza, baada ya wiki tatu ama nne unachuma.

Sasa iko saa tatu ya usiku, kesho Jumatano. Maharagi iko ndani ya maji, nimefunika na sahani ju ya panya, masoso iko kwa kopo, na papa watoto ameniuliza mara mbili kama kesho saa tisa ni tisa kamili.